Mwingereza Hutoa, Sisi Hupiga

Mama yangu ana miaka 82 na macho yake hayamruhusu tena kusoma. Kila nikienda kumwona Pangani, baada ya Isha namsomea hadithi. Mwezi uliopita nilikuwa na mswada wa tafsiri niliopewa kuuhariri, riwaya fupi ya Kiingereza iliyoletwa kwa Kiswahili, nikaona niue ndege wawili: nimburudishe mama, na kazi yangu isonge.

“Alitoa tabasamu,” nikasoma.

“Akalitoa wapi?”

Nikadhani hakusikia vizuri. Nikarudia sentensi.

“Nimesikia. Nauliza, kalitoa wapi, na kampa nani?”

Nikaendelea. Mistari michache mbele yule bwana wa kwenye hadithi akatoa pumzi, kisha akatoa kikohozi kidogo, kisha akampa mkewe mtazamo mkali. Mama kimya. Kwenye ukurasa wa tatu akaniinulia mkono.

“Mwanangu, huyu mtu mgonjwa? Mbona kila saa anatoa vitu? Nisomee kile kingine.”

Kile kingine ni kitabu kimoja cha zamani ambacho nimeshamsomea mara nne. Alikuwa tayari kukisikia mara ya tano kuliko kuvumilia ukurasa wa nne wa tafsiri yetu mpya. Jamani, hapo ndipo kiini cha makala haya kilipo. Tunalalamika kwamba Waswahili hawasomi. Mimi nimemwona Mswahili anayetaka kusomewa akikikataa kitabu, na sababu yake ilikuwa neno moja tu. Si neno la Kiswahili hata. Ni neno la Kiingereza lililovaa kanzu: *give*.

Nilimpigia mfasiri. Ni kijana mwerevu, anakijua Kiingereza kuliko mimi, na ana adabu zake. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: “Lakini kaka, matini asilia ndivyo inavyosema. *He gave a smile*. Kuna *gave* pale. Nikiandika ‘alitabasamu’ nitakuwa nimeliruka neno.”

Sikumlaumu sana, kwa sababu najua alikofundishwa hivyo. Miaka kadhaa nyuma mimi mwenyewe nilipeleka tafsiri kwa mchapishaji mmoja, ikarudishwa na orodha ya “maneno yaliyoachwa”. Msahihishaji alikuwa ameweka kurasa mbili sambamba, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, akawa anatia vema kila neno lililopata mwenzake. *Give* zangu nyingi hazikupata mwenzake. Kazi ile nikanyang’anywa, akapewa mtu mwingine. Kwa hiyo naomba nieleweke: ninachokipinga hapa si uzembe wa vijana. Napinga imani. Imani kwamba kila neno la Kiingereza lina uzito, na kwamba uaminifu wa mfasiri hupimwa kwa kuhesabu. Na hakuna neno linaloiumbua imani hiyo kama *give*.

Tuliangalie hilo neno lilivyo kwao, maana watu wanalitetea bila kulijua.

Mwingereza wa kawaida, asiyesoma hata gazeti, akitaka kusema kwamba mtu amecheka anaweza kusema *he laughed*. Lakini mara nyingi atasema *he gave a laugh*. Akitaka kusema mtu kampiga mwenzake teke, *he gave him a kick*. Kumkumbatia, *give a hug*. Kushusha pumzi, *give a sigh*. Kujaribu, *give it a try*. Kuzaa, *give birth*. Kuhutubu, *give a speech*. Kukimbiza, *give chase*. Kutoa ushahidi, *give evidence*. Kutojali hata kidogo, *not give a damn*. Sasa jiulize: katika orodha hii yote, kilichotolewa kiko wapi? Nani kakibeba kaenda nacho nyumbani? Aliyepigwa teke hajapata mali. Aliyekohoa hajapungukiwa.

Wanaisimu walishaliona jambo hili zamani. Mwaka 1942, katika buku la sita la sarufi yake kubwa ya Kiingereza, Mdenmaki Otto Jespersen alivipa vitenzi vya aina hii jina: vitenzi vyepesi. Vyepesi kwa maana ya kwamba havina mzigo wa maana. Mzigo wote umo ndani ya nomino inayofuata. Kitenzi kinabaki na kazi ya kubeba wakati na nafsi tu, kama hanga la kutundikia shati. Wengine wameendelea kulichimba suala hili. R. M. W. Dixon alilitengea sura nzima katika kitabu chake cha sarufi cha 1991, na mwaka 1996 John Newman akaandika kitabu kizima kuhusu kitenzi cha kutoa katika lugha mbalimbali. Kwa hiyo mtu anapofasiri *gave* kwa “alitoa” na kukiona ndicho kiini cha sentensi, ametafsiri hanga akaacha shati.

Kwa nini Mwingereza anahangaika hivyo? Sababu moja ni kwamba lugha yake, katika karne nyingi, ilipoteza viambishi vyake vya mwisho. Leo *laugh* ni kucheka na ni kicheko, *kick* ni kupiga teke na ni teke lenyewe, *look* ni kutazama na ni mtazamo. Neno moja, umbo moja, kazi mbili. Sababu ya pili ni raha ya kupamba. Ukiligeuza tendo kuwa nomino, unaweza kulivika vivumishi utakavyo: kicheko kifupi, kikavu, cha dharau. Sababu ya tatu ni hesabu. *He laughed* yaweza kuwa alicheka usiku kucha. *He gave a laugh* ni mara moja, ikaisha. Sababu hizi tatu ni za kweli na mfasiri anapaswa kuzijua. Nitazirudia.

Lakini kwanza tuone mtego. Kitenzi chepesi hakikai na kila nomino. Mwaka 1982 Anna Wierzbicka alichapisha makala iliyouliza swali linaloonekana la kitoto: kwa nini kwa Kiingereza unaweza “kuwa na kinywaji” kwa maana ya kunywa, lakini huwezi “kuwa na mlo” ukitumia kitenzi cha kula kwa namna ileile? Jibu lake lilikuwa kwamba kuna mantiki ya maana humo ndani, si bahati nasibu. *Give* nayo ina mantiki yake. Unaweza *give a cough*, huwezi *give a sleep*. Na chukua *cry*: *have a cry* ni kulia machozi upoe moyo, *give a cry* ni kupiga ukelele. Nomino ni moja, kitenzi chepesi kimebadilika, maana imehama mtaa. Mfasiri anayetazama neno mojamoja atamfanya mtu aliyeshtushwa na nyoka aonekane analia msibani.

Au chukua mkono. *Give her a hand*: msaidie. *Give her a big hand*: mpigieni makofi. *Give her hand*, kwa lugha ya baba wa zamani anayemzungumzia binti yake: muoze. Msaada, makofi, ndoa, vyote vimeingia katika mkono mmoja na kitenzi kimoja. Katika mswada ule ule niliokuwa nao Pangani, bwana mmoja anamwambia mpenzi wake *I’ll give you a ring*. Kijana wetu akaandika: “Nitakupa pete.” Ukurasa wa pili yule dada anamlalamikia shoga yake kwamba siku ya tatu leo simu haijalia. Msomaji wa Kiswahili atashangaa: huyu mwanamke kaahidiwa pete, analilia simu? Mwingereza alikuwa ameahidi kupiga simu tu.

Kupiga. Hapo ndipo ninapotaka kufika.

Sisi tuna kitenzi chepesi chetu, na ni kizuri ajabu. Hakitoi, kinapiga. Tazama Mwingereza akitoa na sisi tukipiga, bega kwa bega: yeye anatoa teke, sisi tunapiga teke. Yeye anatoa mlio wa mdomo, sisi tunapiga mluzi. Yeye anatoa saluti, sisi tunapiga saluti. Yeye anatoa yowe, sisi tunapiga yowe. Shati analipa kunyoosha, sisi tunalipiga pasi. Sakafu anaipa kusuguliwa, sisi tunapiga deki. Ukuta anaupa rangi mpya, sisi tunaupiga rangi. Meno anayapa mswaki, sisi tunapiga mswaki. Mwenzake anampa busu, sisi tunapiga busu, au tunabusu moja kwa moja. Ongeza piga hodi, piga magoti, piga kura, piga soga, piga mbizi, piga miayo, piga ramli, piga marufuku. Fungua kamusi ya Johnson ya 1939 uone ile orodha iliyojipanga chini ya *piga*. Hakuna aliyepigwa katika hodi wala katika miayo. *Piga* imetua mzigo wake wa fimbo na ngumi ikawa nyepesi, kama *give* ilivyotua mzigo wake wa zawadi.

Na si *piga* peke yake. Tunashusha pumzi. Tunaangua kicheko na kuangua kilio. Tunatega sikio. Tunatupa jicho. Tunakata tamaa pale Mwingereza anaposema *give up hope*, na tunakata roho pale Biblia yao ya 1611 inaposema *give up the ghost*. Na huyo anayepokea? Kwa Kiingereza anapata kofi. Kwa Kiswahili anakula kofi. Anakula na hasara, anakula kiapo, anakula njama. Lugha yenye karamu kama hiyo, halafu mtu ananiletea “alipewa kofi”!

Nasikia mtu akiniambia: lakini *toa* ni Kiswahili, na *pa* ni Kiswahili, tatizo ni nini? Tatizo ni kwamba *give* ni moja na sisi tunazo mbili, na zile mbili hazilingani nayo.

*Pa* haisimami bila mpokeaji. Huwezi kusema “nimepa” ukanyamaza. Lazima nimempa, nimekupa, wametupa. Mpokeaji ameingia ndani ya kitenzi chenyewe, ameketi katikati. Kwa Mswahili hakuna kupa hewani. *Toa* ni kinyume chake. Inaangalia kule kitu kilikotoka, si kule kinakokwenda. Ni ndugu wa *toka*. Toa nje. Toa mfukoni. Darasa la kwanza tulifundishwa kujumlisha na kutoa: tano toa mbili, zinabaki tatu. Kutoa mimba si kuzaa, ni kinyume chake, na Kiswahili kwa kuzaa kina neno lenye heshima kuliko yote niyajuayo: kujifungua. Ndiyo maana mama aliuliza “kalitoa wapi”. Hakuwa anachekesha. Alisikia Kiswahili kilivyo: kuna kitu kimechomolewa mahali. Alipouliza “kampa nani” alikuwa anamtafuta mpokeaji ambaye sarufi yake inamdai.

Kwa hiyo ninayo kanuni, naitumia nikihariri, na sijawahi kuijutia. Baada ya *toa*, jiulize: kitu hiki kinabaki nje, mikononi au masikioni mwa mtu mwingine? Sadaka inabaki. Damu inabaki. Amri, hukumu, ahadi, maoni, ushahidi, hotuba, vyote vikishatoka mdomoni haviko tena kwako. Vinaweza kunukuliwa, kupingwa, kukufunga. Hapo *toa* iko nyumbani kwake na sina ugomvi. Lakini tabasamu linafia usoni. Kikohozi kinafia kooni. Mtazamo unafia jichoni. Hivyo havijatolewa. Andika kitenzi chake: alitabasamu, alikohoa, alimtazama.

Sasa nizirudie zile sababu tatu, maana wapinzani wangu wenye akili hujificha humo. Wanasema: “‘Alitabasamu’ si sawa na *he gave a smile*. Ule umoja wa tendo umepotea, na ule upambaji umepotea.” Hoja nzuri. Ingekuwa nzito kama Kiswahili kingekuwa hakina vyombo. Kinavyo.

Unataka kupamba? Tuna kitenzi na nomino ya mzizi mmoja, bega kwa bega: alicheka kicheko kikavu, alilala usingizi mzito, alikufa kifo kibaya. Kivumishi kimepata pa kukaa, na *toa* haikuitwa. Unataka umoja wa tendo, kitu kilichotokea ghafla mara moja? Una *-ka-*: akashtuka, akacheka, akanyamaza. Una viigizi: akacheka kwa! akakaa kimya. Unataka ile hali ya mtu kukohoa kwa makusudi, kuashiria kwamba yupo mlangoni? Hiyo ndiyo *gave a little cough* ya riwaya zote za Kiingereza. Kiswahili kina neno moja: akajikohoza. Ndani yake mna kujitendea na mna kusababisha. Mwingereza anahitaji maneno manne kuifikia. Anayetaka mtazamo wa ukali ana akamkodolea macho, akamtolea macho. Na naam, hiyo ya pili ni *toa*, na iko sahihi kabisa, kwa sababu macho kweli yametoka nje! Anayetaka dharau ana akabetua midomo, akasonya. Hakuna kilichopotea. Kilichopotea ni juhudi ya kutafuta.

Mpinzani wa pili anatoka upande mwingine, na huyu ananichosha zaidi. Ni yule mlinzi wa lango anayenipongeza: “Safi sana, tukisafishe Kiswahili, tufukuze Kiingereza chote.” Ndugu yangu, sipo kambi yako. “Nipe tano” imetoka Kiingereza neno kwa neno, na mtoto yeyote wa Dar anakunyooshea kiganja. “Nipe lifti” nayo hivyohivyo. Sina shida nazo hata kidogo, maana zimepita midomoni mwa watu, barabarani, vijiweni, zikapakwa mafuta mpaka zikateleza. Na Kiingereza chenyewe kimefanya hivyo. Unajua kwamba hiyo *give* ina deni? Waingereza wa kale walilitamka neno hilo kwa sauti ya *y* mwanzoni, na Chaucer katika karne ya 14 bado aliliandika kwa *y*. Ile *g* ngumu ya leo wanaisimu wanaihusisha na Wanorse, watu waliowavamia kisha wakakaa nao. Hata *forgive*, neno lao la kusamehe ambalo ndani yake mna *give*, wataalamu wengi huliona kuwa nakala ya neno la Kilatini lenye kutoa ndani yake, lile lile lililozaa *pardonner* ya Kifaransa. Lugha hukopa. Sawa. Lakini “nipe tano” ilikopwa na watu wenye viganja. “Alitoa tabasamu” imekopwa na karatasi. Sijawahi kumsikia mtu sokoni, msibani, daladalani au kitandani akisema kwamba fulani katoa tabasamu. Inaishi vitabuni tu, na kitabu kinachosema yasiyosemwa na yeyote lazima kiwe na sababu nzuri kuliko uvivu.

Nisema uvivu? Nirudi nyuma. Kuna jambo ambalo kijana wetu aliniambia mwisho wa simu, nikakosa jibu. “Kaka, mie nalipwa kwa neno. ‘Alitoa tabasamu’ ni mawili. ‘Alitabasamu’ ni moja.” Tukacheka wote, lakini hakuwa anatania. Fikiria: Kiswahili ni lugha inayofunga sentensi nzima ndani ya neno moja, akajikohoza, wakapeana, hatujajifungua. Kumlipa mfasiri wa Kiswahili kwa idadi ya maneno ni kumlipa mshonaji kwa idadi ya viraka. Anayeandika vizuri anajipunja. Anayeandika Kiingereza chenye kanzu ndiye anayekula. Kisha mchapishaji huyohuyo ndiye atakayemtuma msahihishaji na kurasa zake mbili kutafuta *give* iliyopotea. Kwa hiyo nikitaka kuwa mwaminifu, kosa limeanzia mezani kwa mwenye hela kabla halijafika kwa mfasiri. Wachapishaji, lipeni kwa ukurasa wa asilia. Na badala ya kuweka kurasa mbili sambamba, chukueni moja, ile ya Kiswahili, msome kwa sauti mbele ya mtu asiyejua Kiingereza. Gharama yake ni kikombe cha kahawa.

Wala sijioni msafi. Juzi nilifungua hadithi yangu ya kwanza kuchapishwa, niliyoiandika moja kwa moja kwa Kiswahili, haikutafsiriwa kutoka popote. Katika aya ya pili msichana wangu “anatoa mguno wa kukubali”. Akatoa mguno! Aliguna, basi. Nilikuwa nimesoma riwaya nyingi za Kiingereza, zikanikaa mkononi, nikawa natafsiri kitabu ambacho hakipo. Hilo ndilo linalonitisha zaidi kuliko tafsiri mbaya. Tafsiri mbaya ina asilia ya kuilaumu. Sisi waandishi tukianza kuandika hivyo wenyewe, hakutakuwa na mtu wa kumrudishia lawama, na wasomaji wa baadaye watadhani ndivyo Kiswahili kilivyokuwa siku zote.

Tena ona tunachokiacha tukiiruhusu *toa* ifanye kazi zote. Kiswahili kina kutunuku na kutuza. Kina kukirimu, ambayo ni kumpa mgeni mpaka aone haya. Kina kukabidhi, kuzawadia, kugawa, kuchangia, kurithisha. Kina kuwakifu, kumpa Mungu mali isirudi tena. Kina kujalia na kuruzuku, ambazo binadamu hata hazimhusu, kwa sababu mpaji ni Mungu. Kina hata kuhonga. Kila moja inaeleza nani yuko juu, nani yuko chini, na kama kitu kile kinategemewa kurudi. *Give* ya Kiingereza inayameza yote haya kwa mdomo mmoja, na ni haki yake, ndivyo ilivyokua. Lakini mfasiri akikutana na *give* hajakutana na neno. Amekutana na swali: huyu anatoa nini, kwa nani, kwa cheo gani, na je, anatoa kweli? Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwenye moyo wa kutafsiri hulijibu swali hilo kila mara, hata liwe mara 40 katika sura moja.

Mswada niliumaliza wiki iliyopita. Kijana alibishana nami mahali pawili. Mahali pa kwanza nilikuwa nimefuta “akampa kisogo” nikidhani ni *give* nyingine imejipenyeza. Akanikumbusha, kwa upole, kwamba kumpa mtu kisogo ni Kiswahili cha babu zetu. Kweli kabisa. Nilikuwa nimeanza kuwinda kivuli. Nikairudisha. Mahali pa pili ni “akatoa kicheko”. Alisema kwao wanasema hivyo. Nikamwambia anitafutie mtu mmoja aliyewahi kuitamka mbele yake bila kitabu mkononi. Bado natafutiwa.

Ijumaa nitakwenda Pangani. Nimeuchapa upya mswada kwa herufi kubwa, maana macho yangu nayo yameanza. Sijui kama mama atafika ukurasa wa nne. Akinikatiza tena, nitaweka alama pale aliponikatizia, na Jumatatu nitampigia kijana simu. Au kama anavyopenda yeye, nitampa pete.